Ukilipa laki mbili hotelini ufuoni, umenunua nini hasa?

Kila likizo za shule za Agosti na Disemba zinapokaribia, jamaa na majirani huniuliza maswali ya aina moja. Hoteli gani nzuri Diani? Watamu je? Bei hii ni ya haki kweli? Na shule zikifunguliwa, hao hao hurudi na malalamiko ya aina moja: chumba hakikuwa kile cha picha, kiyoyozi kilikoroma usiku kucha bila kutoa baridi, maji ya bafuni ni ya chumvi, kuku wa Jumatatu amerudi Jumatano akiwa na jina jingine, na bahari haikuwepo. Naam, bahari haikuwepo! Mtu amelipa pesa za bahari, akaamka asubuhi akakuta mchanga na majani mpaka kule mwambani.

Naulizwa mimi kwa sababu kabla ya kuanza kuandika safu hii nilisomea stashahada ya uhasibu, na kwa miaka sita nilikaa katika ofisi ya hesabu ya hoteli moja ya ufuo wa kaskazini mwa Mombasa. Nimeziona bei zikipikwa, na nimeziona barua za malalamiko zikiingia na kuwekwa kwenye faili.

Sitaki kumfukuza mtu hotelini. Kazi za hoteli zinalisha nyumba nyingi hapa Pwani, na za jamaa zangu zimo. Ninachotaka ni msomaji ajue anachonunua kabla hajatoa pesa, kwa sababu nimeona wazi kwamba kinyongo kikubwa cha familia hutokana na jambo moja: wamelipia ahadi ambazo hazikuandikwa popote.

Hoteli hizi zilijengewa nani

Hoteli kubwa za ufuoni zilisambaa hapa kwetu miaka ya 1960 na 1970, wakati watalii walipoanza kuletwa kwa makundi kutoka Ujerumani, Uingereza, Uswisi na Italia. Mtalii yule hakupiga simu hotelini. Alikwenda kwa kampuni ya safari huko kwao, akalipa bei moja iliyofunga pamoja ndege, gari, chumba na chakula. Kwa hivyo mteja halisi wa hoteli hakuwa yule mzee wa Kijerumani aliyelala chumba namba 12. Mteja alikuwa kampuni iliyojaza vyumba mia moja msimu mzima.

Kisha mambo yakawa yanavurugika kila baada ya miaka michache. Ghasia za Likoni mwaka 1997. Bomu la Kikambala Novemba 2002. Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Maonyo ya usafiri ya 2014. Korona mwaka 2020. Kila mgeni wa ng'ambo alipokimbia, hoteli zilimkumbuka Mkenya. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017, safari ya kutoka Nairobi ikawa nyepesi, na leo katika likizo za shule, familia za Kenya ndizo zinazojaza vyumba vingi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hatukurithi kutoka kwa mteja wa zamani, nacho ni kinga yake.

Nchini Ujerumani, mtu aliyenunua safari ya kifurushi akikuta kasoro hotelini ana haki ya kurudishiwa sehemu ya pesa. Mwaka 1985 mahakama moja ya Frankfurt ilichapisha orodha inayoitwa Frankfurter Tabelle, ambayo inapanga kasoro za likizo kwa asilimia. Kidimbwi cha kuogelea kilichoahidiwa hakipo: asilimia 10 hadi 20 ya bei. Kiyoyozi hakifanyi kazi: asilimia 10 hadi 20, kulingana na majira. Kelele usiku: asilimia 10 hadi 40. Hata chakula cha kurudiarudia kimetengewa asilimia 5. Orodha hiyo si sheria yenyewe, ni mwongozo, lakini mawakili na makampuni ya safari huko wanaijua vizuri.

Fikiria basi. Mjerumani yuko chumba namba 12, familia ya kutoka Kisauni iko namba 14, na umeme wa jengo lao umeharibu viyoyozi vyote viwili. Mjerumani akirudi kwao anaidai kampuni yake, kampuni inamgeukia mwenye hoteli, na meneja anajua hivyo tangu asubuhi. Ndiyo maana fundi huanza na namba 12. Watu wengi husema ni ubaguzi wa rangi, na pengine mahali fulani upo. Lakini kule ofisini kwetu niliona jambo jepesi zaidi: chumba kimoja kilikuwa na mtu wa kukidai hoteli, na kingine hakikuwa naye.

Hesabu iliyo nyuma ya bango

Tuje kwenye bei. Tarakimu hizi nimezibuni ili hesabu ieleweke, lakini mpango wake ndio ule ule niliokuwa nikiufanyia kazi. Bango la Facebook linasema: Sh14,500 pekee kwa usiku. Baba anapiga hesabu ya haraka, usiku tatu, Sh43,500. Anamwambia mkewe, hii tunaiweza.

Sasa soma maandishi madogo. Bei ile ni ya mtu mmoja, kwa sharti kwamba watu wazima wawili walale chumba kimoja. Baba na mama ni Sh29,000 kwa usiku. Wana watoto watatu, wa miaka 15, 9 na 4. Katika hoteli nyingi mtoto akishapita miaka 12 huhesabiwa mtu mzima, kwa hivyo yule mkubwa ni Sh14,500. Wa miaka 9 angelipa nusu lau angelala na wazazi, lakini chumba hakichukui watu watano. Itabidi yeye na nduguye wapewe chumba cha pili, na huko punguzo lake linakatwa. Tuseme alipe robo tatu, Sh10,875. Wa miaka 4 ni bure. Tumefika Sh54,375 kwa usiku.

Ikiwa ni wiki ya Krismasi na mwaka mpya, kuna nyongeza ya msimu. Tuseme ni Sh2,000 kwa kila anayelipa, nao ni wanne: Sh8,000. Jumla sasa ni Sh62,375 kwa usiku, na kwa usiku tatu ni Sh187,125. Ongeza mafuta ya gari, soda za watoto na safari moja ya mashua, laki mbili imekwisha. Bango lilisema Sh14,500, na bango halikusema uongo.

Hizo pesa zinakwenda wapi? Kwenye kila malazi kuna ushuru wa VAT wa asilimia 16, na tozo ya utalii ya asilimia 2. Kama vyote viwili vimo ndani ya zile Sh14,500, takriban Sh2,200 si za hoteli. Ukiwa umepitia mtandao wa kuuza vyumba, nao huchukua kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 hivi na mara nyingine zaidi. Hapo zimeondoka kama Sh2,175 nyingine. Hoteli inabaki na elfu kumi na kidogo, na ndani yake kuna mshahara, chakula, stima, jenereta ya wakati stima imepotea, na maji.

Maji nayo ni hadithi ndefu Pwani. Mabomba ya kutoka Mzima na Baricho hayatoshi mahitaji, kwa hivyo hoteli nyingi huchimba visima au hununua maji ya malori. Kisima kilicho karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Ndiyo maana unalipa elfu kumi na nne na nywele zako zinabaki ngumu kama kumbi. Na ile hewa ya chumvi inayotuburudisha jioni ndiyo inayokula vyuma vya viyoyozi, bawaba za milango na bomba za bafuni. Jengo la ufuoni lisipofanyiwa ukarabati kila mwaka, katika miaka mitatu tu picha zake za tovuti zinakuwa picha za hoteli nyingine.

Kwa hivyo bei kubwa haina maana kwamba kuna anayekula faida kubwa. Lakini hilo ni tatizo la mwenye hoteli. La kwako ni kupata jumla ya mwisho kwa maandishi: ya watu wangapi, wa umri gani, vyumba vingapi, usiku ngapi, ushuru umo au haumo, nyongeza ya msimu imo au haimo.

Herufi mbili zinazokula pesa zako

Kwenye karatasi ya bei utakuta herufi mbili. BB ni kulala na kifungua kinywa. HB ni kifungua kinywa na mlo mmoja mwingine, aghalabu wa jioni. FB ni milo mitatu. AI ni kila kitu, milo na vinywaji pia.

Hapa nataka Waislamu wenzangu wasikilize vizuri. Katika hoteli niliyofanyia kazi, tofauti kubwa kati ya bei ya FB na ya AI ilitokana na baa. Bei ya AI hupangwa kwa kukisia mgeni wa kawaida atakunywa bia ngapi na mvinyo kiasi gani kwa siku. Familia isiyogusa ulevi ikichukua AI, inalipia chupa za meza ya jirani. Sharubati na soda za watoto kwa siku tatu hazifikii hata karibu ya tofauti ile. Chukua FB au HB, kisha nunua maji na soda zako.

Kuna na hili la halali. Nyama nyingi zinazouzwa hapa Pwani huchinjwa na Waislamu, na wapishi wengi ni ndugu zetu. Kwa hivyo watu huona haya kuuliza. Ulizeni. Nyama kuchinjwa vizuri ni jambo moja, na kikaango kilichopikiwa nguruwe asubuhi ni jambo jingine. Mvinyo pia huingia kwenye mchuzi na kwenye keki bila kuonekana. Swali liwe wazi: je, nguruwe na nyama nyingine vina vyombo mbalimbali, na ni vyakula gani vya bufe vinatiwa pombe?

Na kina mama, ulizeni kuhusu mavazi ya kuogelea kabla hamjalipa. Kuna hoteli zinazoruhusu vazi la stara la kuogelea bila tatizo, na kuna ambazo mlinzi wa kidimbwi atakutoa majini mbele ya watoto wako. Jibu la simu halitoshi. Liwe kwenye ujumbe.

Bahari ina saa zake

Lawama moja si ya hoteli, nayo ni ya bahari. Hata hivyo hoteli nyingi huuza vyumba kwa picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa, na mgeni wa kutoka bara hajui kwamba picha ile ni ya saa chache tu.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati zake husogea mbele kama dakika 50 kila kukicha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa tofauti hukaribia mita nne. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, ambapo bahari haisogei mbali.

Kwenye fuo zenye mwamba mbele yake, kama Diani, Bamburi na Nyali, bamvua likipwa unaweza kutembea kwa miguu mbali sana, na wa kuogelea hana pa kuogelea. Na wavuvi wetu wanajua kwamba siku za bamvua maji hupwa takriban saa nne au saa tano asubuhi, yaani saa zile zile ambazo watoto wamemaliza kifungua kinywa na wamevaa nguo za kuogelea.

Kalenda yetu ya Kiislamu inatusaidia hapa. Idi ya mfungo mosi huangukia mwezi mchanga, kwa hivyo kila mwaka iko kwenye bamvua. Ukipeleka familia hotelini siku ile, jua kwamba asubuhi maji yatakuwa mbali, na kuogelea kwenu ni alasiri. Idi ya kuchinja iko mwezi kumi Mfungo Tatu, na siku hizo maji hujaa karibu na adhuhuri. Anayetaka bahari ya kutwa nzima na atazame mwezi kabla ya kutazama bango.

Upepo nao una neno. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na ndio uliopo likizo ya Agosti: bahari ina mawimbi na boti nyingi za kwenda kutazama samaki hupata shida. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, huleta maji matulivu zaidi. Mwani hutupwa ufuoni kufuatana na upepo na jinsi ufuo wenyewe ulivyokaa. Na Malindi, mvua ikinyesha sana bara, Mto Sabaki hushusha udongo na maji yakawa ya kahawia. Hoteli haiwezi kuyazuia haya. Inaweza kukwambia ukiuliza.

Jambo jingine: hakuna hoteli inayoweza kukuuzia ufuo. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Bango linaloahidi "ufuo wa faragha" linauza mali ya wananchi. Mtoto wa Likoni ana haki ya kucheza mpira mbele ya hoteli ya nyota tano, na mgeni wa ndani hana haki ya kumwona kama mvamizi.

Bei ikipanda, huduma hushuka

Mtu akilipa bei ya juu kabisa ya mwaka hutarajia huduma ya juu kabisa ya mwaka. Kazini niliona kinyume chake, na sababu yake ni nyepesi.

Mwezi wa Mei, wakati wa mvua za masika, hoteli huwa tupu. Wafanyakazi wengi hupewa likizo, na hoteli nyingine hufunga kabisa. Disemba vyumba vyote vinajaa kwa mpigo, na hapo huajiriwa vibarua wa msimu. Yule kijana anayekuletea kahawa tarehe 27 Disemba huenda ameanza kazi tarehe 20. Hajui meza namba ngapi iko wapi, anafanya zamu mbili, na analipwa kwa siku. Jikoni, wapishi wale wale waliopikia watu 80 wanapikia 300. Juu ya hayo, hoteli nyingi zinaishi kwa semina za maofisa na mikutano ya makampuni, kwa hivyo unaweza kupumzika na watoto ukasikia kipaza sauti cha warsha kutoka asubuhi.

Kwa hivyo usimtukane kijana wa kahawa. Aliyepanga idadi ya watu na idadi ya mikono hayuko pale. Na kama kazi na shule zinakuruhusu, wiki ya katikati ya muhula, au Februari, itakupa chumba kile kile kwa bei ndogo na mfanyakazi anayelijua jina lako.

Usidanganywe na neno "anasa" pia. Nyota zina mpimaji: Mamlaka ya Kudhibiti Utalii huzipanga hoteli kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maneno kama anasa, ya kifahari na ya kipekee hayana mpimaji. Hoteli ikijiita nyota tano, uliza nyota hizo ilipewa mwaka gani.

Ujumbe mmoja wa WhatsApp

Nitoe mfano wa nyumbani. Mamangu ana miaka 71. Amezaliwa na kuzeeka Pwani, ameuza mahamri kwa wafanyakazi wa hoteli miaka na miaka, na hakuwahi kulala hata usiku mmoja kwenye hoteli ya ufuoni. Dadangu aliyeko Doha, ambaye pesa yake anaijua yeye anavyoipata, akatuma ya kumlaza Mama siku tatu mahali pazuri pa kupumzika. Kakangu akafanya mpango na hoteli moja ambayo sitaitaja.

Mama ana magoti. Kakangu aliomba mambo matatu: chumba cha chini, kiyoyozi kizima, na chakula kisichochanganywa na pombe wala nguruwe. Aliyepokea simu alikubali yote matatu kwa sauti nzuri. Lakini katika ujumbe wa WhatsApp wa kuthibitisha, aliandika moja tu: chumba cha chini upande wa bahari, usiku tatu.

Tulipofika langoni askari alitutazama sisi na mabuibui yetu, akauliza tumekuja kumtembelea nani. Mama akamjibu, "Mwanangu, leo tumejitembelea wenyewe." Mapokezi wakatupa chumba cha ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti. Kiyoyozi kilitoa hewa ya moto. Kwenye bufe, mpishi mwenyewe alimnong'oneza Mama, "Bi mkubwa, ule mchuzi uwache." Mama alikula wali na kachumbari, na usiku alilala na mlango wa roshani wazi, mbu wakimla. Asubuhi hakusema kitu. Alikaa kwenye kiti akitazama bahari aliyoitazama maisha yake yote, akauliza mtoto wake kule Doha analipwa kiasi gani kwa mwezi. Hakuna aliyemjibu.

Kakangu alikuwa amelalamika usiku ule ule wa kwanza, akaandika kwenye ujumbe huo huo wa WhatsApp, akatuma picha za ngazi na za kiyoyozi. Matokeo yake ndiyo ninayotaka myashike. Kwa chumba cha chini, meneja alipoonyeshwa maneno ya ofisi yake mwenyewe hakuwa na la kusema. Tulihamishwa siku ya pili, na baada ya wiki tatu tukarudishiwa pesa za usiku mmoja. Kwa kiyoyozi na chakula, ambavyo viliahidiwa kwa sauti tu, tulipewa kikapu cha matunda na neno la pole. Ahadi tatu, mtu mmoja aliyeahidi, simu moja. Iliyoandikwa ilirudi na pesa. Zisizoandikwa zilirudi na ndizi na maembe.

Sheria iko upande gani

Wakenya wengi hudhani Mjerumani ana sheria na sisi hatuna. Tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari za kutosha kuhusu anachonunua, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mteja uongo au kumpotosha kuhusu huduma. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya wateja waliodanganywa na matangazo.

Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Mombasa ipo. Kilicho adimu ni ushahidi, kwa sababu hakimu hawezi kusikiliza simu iliyokwisha kukatwa.

Kwa hivyo fanya hivi. Kabla ya kulipa, andika ujumbe mmoja wenye kila unachotaka: idadi ya watu na umri wao, aina na ghorofa ya chumba, herufi za mlo, jikoni, mavazi ya kidimbwini, jumla ya mwisho na masharti ya kurudishiwa pesa ukighairi. Waambie wajibu kwa maandishi. Pesa itume kwa Paybill au Till yenye jina la hoteli, kamwe isiwe namba ya mtu binafsi, maana matapeli wa vyumba hewa wamejaa msimu huu. Piga picha ya bango, kwa sababu hubadilishwa. Beba kitambulisho, maana bei ya mkaazi hutaka uthibitisho.

Ukikuta kasoro, sema siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na upe nafasi irekebishwe. Hata Mjerumani sheria yao inamtaka aripoti akiwa pale pale. Akinyamaza mpaka afike kwao, dai lake hudhoofika. Sisi tuna tabia ya kustahi, tukameza, kisha tukaja kumwaga hasira kwa majirani. Kustahi ni kuzuri. Lakini meneja hawezi kutengeneza asichoambiwa, na baadaye atasema hakuambiwa, naye atakuwa amesema kweli.

Kwa wenye hoteli nina neno moja, hasa wale tunaoswali nao safu moja. Wote tunaijua habari ya muuza nafaka aliyeweka kavu juu na mbichi chini, na alivyokemewa na Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alipotia mkono wake ndani ya lundo. Picha ya mwaka 2012 kwenye tovuti ni nafaka kavu. Bei ya mtu mmoja iliyoandikwa kwa herufi kubwa bila kusema ni ya mtu mmoja ni nafaka kavu. Onyesheni chumba kilivyo na bei ilivyo. Atakayeiweza atakuja, na atakuja tena. Waungwana walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Disemba haiko mbali. Mwenye nia ya kwenda aende, apumzike na watoto wake, ni haki yake na bahari ni yake. Ila kabla ya kubonyeza namba ya siri ya M-Pesa, atulie dakika kumi na aandike ujumbe ule.